Shule ndogo ya Kikristo: yale tunayoongea wazazi pale getini

Watu wakishajua wanangu wamesoma shule ndogo ya Kikristo swali huwa lile lile, vipi pale, nimpeleke na wangu? Na mi badala ya kujibu huwa nauliza, wewe ni mtu wa kuongea au wa kunyamaza? Wananishangaa. Ila kwa hizi shule ndogo hilo linaamua mambo mengi kuliko matokeo ya mitihani na kuliko hata ada, ngoja nieleze.

Kwanza tuelewane ni shule gani naongelea. Sio zile za misheni zenye mabweni na historia ndefu, zile ni habari nyingine kabisa. Naongelea zile ambazo watoto wa shule nzima hawajazi mabasi mawili, kanisa limeianzisha au familia chache zilikaa zikaomba zikasema tuanze, mkuu wa shule naye ana vipindi, mhasibu ndo huyo huyo anapokea simu, na mwalimu wa hesabu siku ya michezo unamkuta ameinama anachora mistari ya uwanja kwa chokaa.

Uzuri wake upo na ni mkubwa, sitaki mtu aseme nimekuja kuchafua. Binti yangu mkubwa ana kigugumizi. Pale shuleni kila wiki kuna ibada ambayo wazazi wanaruhusiwa kuingia na watoto wanapokezana kusoma neno, sasa siku ya zamu yake mi niko kiti cha nyuma jasho linanitoka. Akasimama, akakwama kwenye neno la kwanza tu. Akavuta pumzi, akakwama tena. Hakuna aliyecheka wala aliyegeuka kunong'ona, katoto kamoja ka mstari wa mbele kakamwangalia mwalimu kuona sasa inakuaje, mwalimu wala hakuinua kichwa, anafuatilia kwa kidole kwenye biblia yake kama vile msomaji amepumzika kidogo tu. Binti akasoma mpaka mwisho, ikachukua muda, wakaitikia amina wakaendelea na wimbo. Hawakumpigia makofi, na hilo ndo lilinigusa zaidi, manake makofi yangemwonyesha kwamba kuna kitu. Na sio kwamba wale watoto ni malaika, mmoja wao aliwahi kumwagia mwenzake wino kwenye begi. Ni kwamba wamemjua tangu chekechea, kigugumizi chake kwao ni kama rangi ya viatu vyake.

Hicho ndo wazazi wengi wanachokifuata, mtoto ajulikane kwa jina. Wengine wanataja na utafiti, na kweli upo, ule wa Tennessee kule Marekani ulioanza 1985, walichukua watoto zaidi ya elfu kumi na moja kuanzia chekechea mpaka darasa la tatu wakawagawa bila kuchagua, wengine madarasa ya watoto 13 mpaka 17 na wengine 22 mpaka 25, na wale wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi kwenye kusoma na hesabu, hasa wale wa familia zisizo na uwezo. Sawa kabisa. Ila lile lilikuwa darasa dogo la watoto wa rika moja na mwalimu wao. Shule nyingi ndogo zikibanwa zinaunganisha, darasa la nne, la tano na la sita chumba kimoja, ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki, huku hesabu za sehemu, huku aljebra. Mwalimu akiwa mzuri inaenda vizuri sana, wadogo wanadaka vitu vya wakubwa na wakubwa wanajifunza kwa kuwaelekeza wadogo. Akiwa wa kawaida basi kuna kundi moja kila siku linaambiwa "someni kimya kimya".

Kuna zingine zinatatua hili kwa vijitabu. Mfumo unaojulikana zaidi ni ule wa ACE, yaani Accelerated Christian Education, ulioanzia Texas kule Marekani 1970, mtoto ana meza yake yenye vibao pembeni asimwone jirani, anasoma kijitabu kwa kasi yake, akikwama anasimamisha kibendera kidogo mtu mzima aje, kazi zake anasahihisha mwenyewe kwenye meza ya majibu, na mtihani wa kijitabu anatakiwa apate asilimia 80 ndo aende kingine. Nimeongea na vijana waliopitia huko, mmoja anasema ndo ulimfundisha kujitegemea, chuo hakikumsumbua kabisa, mwingine anasema alikuwa anakariri mpaka jaribio liishe na kubishana kwa hoja amekuja kujifunza ukubwani. Wote nawaamini. Mtoto mpole anayependa kitabu atafurahi, mtoto wa maneno maneno atakauka.

Sasa upande wa wanafunzi, kitu ambacho sisi wazazi hatukioni ni kwamba hakuna mkondo B. Yaani ukikosana na rafiki yako darasani ndo imetoka hiyo, huna pa kuhamia. Binti yangu mwaka mmoja walikuwa wasichana watatu tu darasa zima, na wasichana watatu maana yake wawili na mmoja. Zamu ya kuwa huyo mmoja ilikuwa inazunguka, alikuwa anaingia kwenye gari nikimwangalia usoni najua leo ilikuwa zamu ya nani. Shule kubwa angetafuta wengine wa kukaa nao mapumziko. Pale wengine ni wavulana wanaopiga mpira, au watoto wa chekechea.

Halafu ile kujulikana ina bei yake. Umefeli jaribio, mchungaji anajua. Umeonekana unaongea na kijana fulani, mpaka jioni mama mdogo amepigiwa simu. Kijana mmoja wa rafiki yangu aliuliza kwenye somo la biblia kwa nini bibi yake aliombewa na kanisa zima na bado akafa. Swali la mtoto anayefikiri, hata mzee wa miaka sabini analo. Mwalimu akamwambia wataongea baadaye, na kilichokuja baadaye ni wazazi kuitwa kuambiwa mtoto "ana roho ya mashaka". Toka siku hiyo yule kijana akajifunza kitu kimoja tu, majibu gani yanatakiwa, anayatoa, anapata A, nyumbani haongei. Kwa upande mwingine kuna mwalimu pale pale, mzee mmoja wa fasihi, ambaye ukimuuliza swali kama hilo anakaa kwenye dawati anakwambia hata mi linanisumbua, na wanafunzi wake mpaka leo wanampigia simu. Shule moja, ibada moja, watu wawili tofauti. Ndo maana nasema shule ndogo ni watu, hakuna mfumo nyuma yao wa kuziba pengo. Mwalimu mmoja akiondoka katikati ya muhula somo zima limeondoka naye, na wanaondoka, manake watoto wachache ni ada chache, familia nne tano zikihama mshahara unayumba, na mwalimu mwenye watoto anasomesha hawezi kula wito.

Sasa narudi kwenye kile kuongea na kunyamaza.

Mwanangu wa pili kuna kipindi alikuwa anasimamishwa wima mapumziko yote kwa sababu hajakariri andiko la wiki. Sio siku moja, ikawa ni kawaida. Sasa nenda kalalamike. Mwalimu ni mke wa mzee wa kanisa ambaye naimba naye kwaya. Mkuu wa shule ni mke wa mchungaji, na mwenyekiti wa bodi ni mchungaji mwenyewe. Yaani ukikata rufaa unaenda kwenye meza ya chakula ile ile. Nikaenda, nikapokelewa vizuri mno, tukaombewa, tukashikana mikono, na wiki iliyofuata mtoto akasimamishwa tena. Nilipouliza mara ya pili nikaanza kusikia kwenye kwaya kwamba kuna watu wanaleta mgawanyiko.

Shule nyingi za hivi kwenye kitabu cha maelekezo ya wazazi wanaweka utaratibu wa Mathayo 18, kwamba ukikosewa nenda kwanza kwa aliyekukosea mkiwa peke yenu, asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia ndo upeleke mbele. Ni utaratibu mzuri, unazuia umbea, na mambo mengi kweli yanaishia kwenye kile kikao cha kwanza bila mtu kuaibika, nimeshuhudia. Lakini yale maneno ni ya ndugu na ndugu. Mtoto wa darasa la tatu na mtu mzima aliyeshika alama zake na mapumziko yake hawako sawa hata kidogo. Na ikiwa ni kitu kizito, mtoto amepigwa akaumia au ameguswa vibaya, huo sio wakati wa kwenda wawili wawili, unaenda moja kwa moja kwa vyombo vinavyohusika na mkuu wa shule anatakiwa awe wa kwanza kukwambia hivyo. Akikwambia tuombe kwanza halafu tuone, mchukue mtoto wako.

Kwa mwanangu kilichosaidia sio mimi, ni mama mmoja wa dhehebu lingine kabisa ambaye hasali pale, hana kwaya wala ndoa ya kusimamiwa na mtu yeyote pale. Aliandika barua, kurasa mbili, tarehe na siku, akataka ajibiwe kwa maandishi. Akajibiwa, na adhabu ile ikafutwa kwa watoto wote. Wazazi tunaosali pale tulikuwa tumelalamika muhula mzima kwenye WhatsApp na hakuna aliyeandika hata mstari kwenda ofisini.

Kwa hiyo ukienda kuulizia nafasi, maadili usiulize, wote watakwambia yapo. Uliza kwenye bodi kuna mtu ambaye sio wa kanisa lao wala ukoo wao. Uliza walimu wa mwaka juzi wangapi bado wapo. Uliza usajili wa shule na watoto wanafanyia wapi mtihani wa mwisho, manake kuna wazazi wamekuja kugundua cheti hakitambuliki mtoto akiwa ameshamaliza. Na uende siku ya kawaida ya masomo, sio siku ya wageni ambayo kila mtoto amechomekea.

Wangu wa mwisho bado yuko pale. Sekondari mama yao anataka ahamie shule kubwa yenye maabara ya kueleweka, mi nasema amalizie hapo hapo na yule mzee wa fasihi, na mzee mwenyewe nasikia anastaafu, kwa hiyo hoja yangu inazidi kupungua nguvu.