Msasa ulikuwa unaziba kila dakika: nilivyotatua

Wiki nzima nimehangaika na kabati la mbao za paini hapa Mafinga. Napiga msasa kidogo tu, tayari umejaa uji wa njano, unateleza badala ya kula mbao. Nilibadilisha karatasi, nikakandamiza zaidi, nikaushika msasa namba 120 nikidhani ulaini utasaidia. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kukandamiza kunaleta joto, na joto linayeyusha utomvu.

Kilichonisaidia ni kuangalia vizuri penye vifundo, yale macho ya mbao matawi yalipoota. Paini ina utomvu mwingi pale, hata mbao ikionekana kavu. Kwanza niliziacha mbao ndani siku kadhaa, maana baridi na ukungu wa huku huchelewesha kukauka. Kisha nikakwangua utomvu kwa patasi, nikafuta vifundo kwa kitambaa chenye thina (kimiminika cha kuzimulia rangi), nikasubiri ikauke kabisa. Fanyeni hivyo nje, mbali na moto jamani!

Halafu nikaanza na namba 80, msasa wa chembe kubwa kuliko 120, mkono mwepesi, kufuata nyuzi za mbao, nikiukung'uta msasa kwa brashi kila baada ya muda mfupi. Namba 120 ikaja mwisho. Karatasi moja imemaliza mlango mzima.