Mbigili za Bosi

Jumapili, saa 4 na nusu usiku. Upepo wa Julai unagongagonga mabati, nami nimekaa sakafuni na kibanio cha nyusi, natoa mbigili kwenye nyayo za mbwa wangu, Bosi.

Leo zimetoka 6. Jana zilikuwa 9. Kwa asiyeijua Dodoma: mbigili ni kijimea kinachotambaa chini. Wakati wa mvua kina vijiua vya njano vya kupendeza, mvua zikishakatika kinakauka na kumwaga vitunda vya miiba uwanja mzima. Ukikanyaga peku, unaruka. Bosi haruki. Anaweza kuzunguka na mbigili mguuni tangu asubuhi na asijue, maana kuanzia katikati ya mgongo kurudi nyuma, mwili wake hauleti tena habari. Ndiyo maana kila usiku namkagua kidole kwa kidole.

Mwaka na miezi minne sasa. Huku Nzuguni ujenzi hauishi, na Bosi alikuwa na tabia ya kukimbiza malori ya mchanga akiamini kwamba yanaondoka kwa sababu yake. Siku hiyo moja lilikuwa linarudi nyuma.

Daktari wa mifugo alimlaza mezani, akambana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu ukajivuta. Nikasema kwa furaha, "Daktari, si umeona!" Akabana tena, kwa nguvu zaidi. "Mama, usiangalie mguu. Angalia uso." Mguu ukajivuta vilevile, na Bosi katulia tu, anatazama mlangoni. Akanieleza kwamba uti wa mgongo huku chini unaweza kuuvuta mguu bila kichwa kuwa na taarifa. Kama maumivu yangefika kichwani, angegeuka, angelia, angetaka hata kutung'ata. Matumaini ya kutembea tena ni madogo, akasema. Halafu akaniuliza taratibu kama tumpumzishe au niko tayari kwa kazi.

Nikajibu niko tayari. Sikujua hata kazi yenyewe ni ipi.

Kazi ni mkojo. Nilidhani ingekuwa miguu, kumbe miguu ndiyo rahisi: unaikunja na kuikunjua asubuhi na jioni isikakamae, basi. Mkojo hauna siku ya mapumziko. Kibofu chake hakijui kujimwaga, kikijaa kinavujavuja tu kidogo, na ule unaobaki ndani ndio unaooza. Kwa hiyo namkamua mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Namsimamisha katikati ya magoti yangu, viganja viwili ubavuni, natafuta chini ya tumbo kitu kama chungwa lenye maji mengi. Hapo unabana polepole, hupampu. Wiki ya kwanza nililia. Sasa nakamua huku nawaza suruali ya mteja. Nilichojifunza ni kunusa: mkojo ukianza kuwa mweupe kama maji ya mchele na harufu ikageuka, siku hiyohiyo kwa daktari, usingoje kesho. Nilingoja mara moja. Sitasimulia.

Nashukuru mimi ni fundi cherehani na kazi yangu iko barazani. Angekuwa wa mtu wa ofisini huko Mtumba, sijui nani angemkamua saa 8.

Majirani mwanzoni walikuwa na hofu, na sikuwalaumu, kwani kupooza ni sura mojawapo ya kichaa cha mbwa. Nilimpelekea mwenyekiti wa mtaa kadi yake ya chanjo. Baada ya wiki mbili kadi haikuhitajika tena. Mbwa aliyeshaanza kuonyesha kichaa hafiki huko, na Bosi alikuwa barazani anaiba maandazi.

Kigari alitengenezewa na fundi bomba. Mabomba ya nusu inchi yalipinda siku ya pili, tukahamia ya robo tatu. Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya baiskeli ya mtoto, ya upepo, na mbigili ziliyamaliza ndani ya saa moja. Nikapata ya mpira mtupu kwenye mitumba ya Sabasaba. Mikanda nimeshona mwenyewe, na nikisema ukweli ni kazi safi kuliko sare nyingi nilizowahi kutoa. Anavaa nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, si zaidi, kwa sababu ndani yake hawezi kulala. Watoto wanamwita Bajaji. Bajaji ina magurudumu matatu, nimewaambia, hawasikii. Muda uliobaki anajiburuza ndani ya mfuko wa turubai niliomshonea, usimchune mapaja.

Ila nilitaka kuandika habari za mzee wa nyumba ya nyuma.

Ni Mgogo wa kufuga, ng'ombe wake wako kijijini kwa wanawe. Alinikuta siku moja namkamua Bosi. Akasalimia, "Mbukwa," nikaitika, akasimama kuangalia mpaka mwisho. "Binti, maziwa yametoka?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwao mnyama asiyeinuka kwa siku tatu haachwi ateseke, hata kama unampenda. Sikumjibu. Nilikasirika hasa kwa sababu nilikuwa nimewaza hivyohivyo usiku ule.

Mwezi mmoja baadaye Bosi alitoka kidonda kwenye nyonga, pale mfupa unapogusa sakafu. Nilikuwa namlaza kwenye magunia na kumgeuza kila nikikumbuka, na kukumbuka kwenyewe ni pale ambapo hakuna mteja. Mzee akaja, akakitazama kidonda, akaondoka bila neno. Nikadhani kanisikitikia. Akarudi na ngozi ya kondoo, ya zamani, manyoya bado mazito. "Mlaze upande wa manyoya. Uwe unaipiga juani." Nilipouliza nimlipe kiasi gani, akasema mama yake aliilalia miaka miwili ya mwisho, naye ndiye aliyekuwa anamgeuza.

Kidonda kimefunga. Siku hizi mzee hupita saa 8 na kuuliza, "Umeshakamua?" Nikienda kununua vitambaa mjini, anakaa naye. Kumkamua amekataa, anasema hiyo ni kazi ya mwenye mbwa.

Mkia hautikisiki tena. Nilikuwa naukosa sana, mpaka nikagundua masikio yamechukua zamu: akiniona yanalala nyuma, yanasimama, yanalala.

Nimebakiza mbigili moja, imezama kati ya vidole. Nimeivuta kwa kibanio na mguu umejivuta, kwa nguvu kabisa. Nikamwangalia uso, kama ninavyomwangalia kila usiku. Anamtazama mjusi ukutani, masikio juu.