Karanga ilivyonisaidia kuifuata kofia ya mbegu ya panya

Kazi yangu ya uzamili ilihusu akrosomu ya panya wadogo weupe wa maabara. Akrosomu ni kifuko kinachovikwa kichwani mwa mbegu ya kiume kama kofia. Kimejaa glikoproteni, yaani protini zenye minyororo ya sukari, kwa hiyo ukiinasa sukari utaona kofia inavyokua. Wanasayansi Leblond na Clermont walitumia njia ya aina hiyo mwaka 1952 kwa PAS, rangi inayoonyesha sukari, wakagawa ukuaji wa mbegu za panya wakubwa katika hatua 19.

Mimi nilitumia PNA, lektini (protini inayonasa sukari) itokayo kwenye karanga, iliyofungwa na rangi inayong'aa kijani. Hushika galaktosi iliyoungana na sukari mwenzake. Karanga hizi hizi tunazokaanga!

Slaidi za kwanza ziling'aa kijani kila mahali, hata pale pasipo na seli. Niliumia, maana wale wanyama walikwisha kufa kwa ajili ya kazi hii. Kumbe korodani nilizihifadhi katika mchanganyiko wa Bouin wenye asidi ya pikriki, nami sikuziosha vya kutosha. Kundi lililofuata nililiacha kwenye etanoli ya asilimia 70, nikiibadilisha asubuhi na jioni hadi maji yakaacha kuwa ya njano. Lektini nikaipunguza makali. Pembeni nikaweka slaidi moja ambayo lektini yake ilichanganywa kwanza na galaktosi nyingi. Ile ikatoka giza tupu, nami nikajua kijani cha slaidi nyingine kinatoka kwenye sukari kweli. Tangu hapo sijapiga picha bila slaidi hiyo kuwepo.

Kisha nikaona. Kwenye seli changa, kando ya kiini, palikuwa na nukta moja kama kichwa cha pini. Kwenye seli zilizokua zaidi kidogo, nukta ilikuwa imetandazwa ikafunika upande wa kiini, kama kofia ya kufuma ikivutwa polepole. Kwenye mbegu zilizokomaa, kijani kilifuata mgongo wa kichwa kilichopinda kama ndoano.

Mrija mmoja wa korodani, uliokatwa kama duara, niliutazama muda mrefu sana. Katikati, mbegu zenye ndoano zilijipanga kando ya uwazi, karibu kuachiliwa. Nyuma yao, seli za duara zikiwa zimevaa kofia. Vizazi viwili katika duara moja. Nikauandika kwenye daftari: awamu ya saba ya mzunguko wa kutengeneza mbegu.