Kiinua Mgongo Kilichonilaza Chali

Tulikuwa tumeiacha Mombo nyuma yetu, gari likipanda kwa gia ya pili, niliposikia harufu ya pilipili manga. Mke wangu ndiye aliyeanza kuisema.

"Baba Saumu, humu ndani kuna mtu anapika?"

Mjukuu wetu aliyekaa nyuma akacheka. Mimi sikucheka. Nilijua harufu hiyo inatoka wapi, na macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mshale wa joto. Ulikuwa umelala kulia kabisa.

Ilikuwa Januari 2017, na ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari lile tangu nilifufue. Tulikuwa tumetoka Tanga alfajiri kwenda Lushoto kumsalimia mama mkwe. Ila hadithi ya pilipili inanilazimu nirudi nyuma kidogo.

Nilistaafu 2015, miaka 60 kamili, baada ya kuhesabu fedha za watu wengine kwa zaidi ya miaka 30. Fedha ya kustaafu kwetu inaitwa kiinua mgongo. Changu kilifanya kinyume chake: kilinilaza chali miezi 14, uani kwangu, chini ya Peugeot 404. Nilianza kama wenzangu wote, na kuku wa mayai. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita. Basi, nikawa sina kuku wala shughuli, nashinda barazani nikihesabu bodaboda, mpaka siku niliyokwenda Muheza kwenye msiba na kuliona gari lile nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja. Boneti lake walikuwa wanaanikia pilipili manga. Mabati yana joto zuri, mzee yule akaniambia, pilipili inakauka kwa siku chache tu. Punje nyingi zilikuwa zimedondokea kwenye ile mianya ya hewa iliyo mbele ya kioo, na mpaka leo sijafanikiwa kuzitoa zote. Injini ikipata joto sana, zinanukia.

Nililipa shilingi 700,000. Wenye akili zao waliniambia nimepigwa. Kilichoniponza ni hendeli: nilifungua buti nikaikuta, ile nondo iliyopinda ya kuwashia injini kwa mkono, imeviringishwa gunia kana kwamba mtu alikuwa na uhakika kuwa mwenyewe atarudi. Nikashindwa kuondoka. Mke wangu alipoona gari linaletwa nyumbani juu ya lori hakusema neno. Hakusema neno kwa siku tatu.

Sasa, ningekuwa sijawahi kuwa na 404 pengine ningepita zangu. Ila sisi watoto wa miaka ile ya 1960 tulililelea moyoni gari hilo kabla hatujalipanda. Kila Pasaka ilikuwa Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki nzima, na dereva Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alishinda 1966 akashinda tena 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Tulimhesabu mtu wa nyumbani. Tulikuwa tunafunga makopo kwenye vijiti tunakimbia vumbini, na kila mmoja anataka awe yeye.

Nilinunua la kwanza 1981, la mkono wa pili, kutoka kwa daktari aliyekuwa anahama. Miaka mibaya kuliko yote ya kumiliki gari! Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, petroli ya foleni, tairi kwa kibali, kuna kipindi Jumapili mchana magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani. Spea ndiyo usiseme. Kilichoharibika ulikitengeneza wewe mwenyewe au ulikaa nacho hivyo hivyo. Nikajifunza ufundi kwa kukosa njia nyingine, huku nikiwa mhasibu mwenye grisi kwenye kucha.

Lile gari nililiua mwenyewe. 1984, barabara hii hii ya Mombo kupanda Lushoto, mimi na mke wangu na Saumu akiwa mchanga mgongoni, injini ilichemka karibu na Soni. Giza lilikuwa linaingia. Nikaenda mtoni na kopo, nikafungua rejeta, mvuke ukanibabua mkono, na bado nikamimina maji ya baridi yale ya milimani juu ya injini inayochemka. Nikasikia sauti ndogo tu, kama sahani inayogonga meza. Silinda hedi ya 404, ile sehemu ya juu ya injini, ni ya alumini. Ilipinda. Tuliliacha gari pale, tukapata lifti ya lori la mboga, tukafika kwa mama mkwe usiku wa manane. Baadaye hedi ilikwanguliwa ikarudishwa kwa gasketi ya kukata kwa mkono, ikawa inavuja, ikawa ndiyo kazi ya kila Jumamosi. Niliuza 1986 nikanunua mabati ya nyumba. Mabati hayo yako juu ya kichwa changu ninapoandika.

Fundi aliyenifungulia ile hedi, mzee wa Ngamiani pale Tanga, aliniuliza kwanza kilichotokea. Nikamweleza. Akaniambia, "Feni yako haikushika. Ungekaza zile skrubu tatu ungefika Lushoto unapiga mluzi." Sentensi hiyo nilikaa nayo miaka 33. Nadhani robo ya ile laki saba niliilipa kwa sababu yake.

Fundi huyo bado alikuwa hai nilipoleta gari la pili. Macho yalikuwa yamemwishia, mtoto wa jicho pande zote mbili, lakini alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi na fimbo yake, anakaa kwenye kigoda karibu na tairi la mbele, mimi nakuwa mikono yake. Jambo nililolifurahia kupita yote ni kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi za valvu. Injini ya 404 imelazwa upande, nyuzi 45, kwa hiyo ukifungua kifuniko unazisogelea bila kupinda mgongo sana, jambo ambalo mtu wa umri wangu analithamini. Filagegi, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza, 0.25 kwa ya kutoa, injini ikiwa baridi. Nilikuwa nazungusha kwa ile hendeli polepole, nasimama, nachomeka bati la filagegi, nakaza.

"Linapitaje?" anauliza.

"Linapita vizuri."

"Vizuri si jibu. Lipite kama mkwe anayeingia ukweni. Asikimbie, na asikwame mlangoni."

Siku injini ilipoitika kwa mara ya kwanza aliinua kidole, akasikiliza, akasema ya tatu, ya kutoa, imelegea. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikapima. 0.35. Mzee asiyeona!

Basi hapo ndipo tulipo: kona moja ya mlima, mshale umelala kulia, harufu ya pilipili. Nikaegesha pembeni, nikazima. Kimya, kisha ule mlio wa maji yanayochemka ndani ya chuma, grr, grr, kama tumbo la mwenye njaa.

Nilikuwa nimeshajua ni nini kabla sijafungua boneti. Tangu Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, barabara ni tambarare na upepo wa mwendo unatosha kupoza. Mlimani unakwenda kwa gia ya pili, injini inafanya kazi kubwa na upepo haupo, na hapo ndipo feni inapotakiwa. Na feni ya 404 haizunguki muda wote. Ndani ya puli yake kuna sumaku ya umeme: maji yakifika nyuzi 80 na kitu, swichi inapeleka umeme, sumaku inalivuta bamba, feni inashikana na puli na kuanza kuzunguka. Maji yakipoa, inaachiwa. Kwa gari lililotoka 1960 huo ulikuwa ujuzi wa kujivunia, injini haipotezi nguvu bure kuzungusha feni. Lakini umeme wote huo unapita kwenye kijiti cha kaboni kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, kinachosugua puli. Uani kwangu nilikuwa nasikia "tak" ya sumaku kila siku nikaridhika. Nilibadilisha platini, plagi, wota pampu, mipira yote ya maji, gasketi niliagiza Nairobi. Kaboni sikuitazama.

"Babu, tuite breki dauni," mjukuu akasema. Alikuwa na miaka 17, anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na simu yake ilikuwa mkononi tayari.

"Tunasubiri ipoe."

"Kuna maji kwenye dumu hapa, lita ishirini."

"Nimekwambia tunasubiri, baba."

Mke wangu akanitazama. Hakusema kitu kuhusu 1984, na namshukuru. Alishuka, akatandika kanga kwenye ukingo wa barabara, akatoa chupa ya chai. Kijana mmoja akapita na ndoo ya mafyulisi na plamsi, tukanunua sahani mbili. Hiace ikapita imejaa pomoni, konda akatoa kichwa: "Mzee, hiyo ipeleke makumbusho!" Mjukuu akaona haya, akahamia upande wa pili wa gari ili asionekane. Ikapita nyingine. Akapita mzee na punda, huyu alisimama, akalizunguka gari zima, akasema "Pijo," kwa upole, kama mtu anayetaja jina la rafiki, akaendelea na safari yake.

Nilipima kwa kuweka kiganja juu ya tangi la rejeta. Dakika 20, hapashikiki. Dakika 40, naweza kuhesabu hadi tatu. Ilipofika karibu saa nzima niliweka kitambaa juu ya kizibo, nikazungusha robo, nikasikiliza ikipumua mpaka mwisho, ndipo nikafungua. Nilimimina maji kikombe kimoja kimoja, cha chai, injini ikiwa vuguvugu. Mjukuu alikuwa ananitazama kama anayemtazama mtu anamnywesha mgonjwa uji.

Kisha zile skrubu. Ziko tatu usoni mwa feni, vichwa vya mraba, kila moja na nati yake nyuma. Zipo ili kuseti nafasi kati ya bamba na sumaku, lakini ukizikaza zote mpaka mwisho feni inajifunga na puli moja kwa moja, ina umeme au haina. Tatizo ni kuzifikia. Kati ya feni na rejeta mkono wangu haukuenea. Nilijaribu kutoka juu, nikajaribu kutoka chini, nikajichuna viwiko.

"Lete mkono wako," nikamwambia mjukuu.

Mkono wake ulipita. Nikampa spana ndogo na plaizi, nikakaa kwenye dumu la maji, na bila kukusudia nikajikuta nimekaa vile vile fundi wa Ngamiani anavyokaa. Legeza nati kwanza. Kaza kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, usimalize moja ukaenda nyingine, litakwenda upande. Unaisikia inagusa?

"Imegusa."

"Imegusaje?"

Akafikiri. "Kama... imekataa."

"Ongeza robo. Halafu nati."

Tulipowasha, feni ilianza kuzunguka hapo hapo na kelele kama mashine ya kusaga. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukakaa. Mjukuu alitazama mshale ule kutoka pale mpaka Lushoto kana kwamba akigeuza shingo utaanguka. Pale Soni hatukusimama. Mke wangu aliangalia upande wa mtoni, kisha akaangalia mbele.

Mama mkwe alikuwa ameshapita miaka 90, anatembea kwa kushika ukuta. Aliposikia ngurumo alitoka nje, akaja mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha pale, maana kwao huko juu kuna baridi na chuma kilikuwa cha moto. Nikamwamkia. Akaitika, huku bado anapapasa.

"Mkwe wangu," akasema, "si lile gari mliloliacha Soni?"

Binti yake akafungua mdomo kumsahihisha. Nikamwahi.

"Ndilo, mama. Tulikuwa tunasubiri lipoe."