Vyungu vya Jikoni

Somo: Zekaria 14:20–21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zekaria anafunga kitabu chake kwa jambo ambalo wengi tunalipita mbio tukielekea Malaki. Ameshazungumza vita, mlima kupasuka, maji ya uzima kutoka Yerusalemu. Halafu mistari ya mwisho kabisa anaingia jikoni. Maneno yaliyochorwa kwenye bamba la dhahabu katika paji la uso la Haruni (Kutoka 28:36), ya utakatifu kwa Bwana, sasa yataandikwa kwenye njuga za farasi. Na vyungu, kila kimoja katika Yerusalemu na Yuda, vitakuwa vitakatifu kama mabakuli ya madhabahuni. Alichovaa kuhani mkuu peke yake kinashuka hadi kwenye sufuria.

Wiki hii somo hili nimelisoma nikiwa na wachoraji akilini, wale wanaochora vyakula na vyombo vya mezani tu. Wayne Thiebaud, Mmarekani aliyefariki Desemba 2021 akiwa na miaka 101, alijulikana zaidi kwa kuchora keki. Alipaka rangi nene ya mafuta mpaka ikaonekana kama krimu yenyewe iliyosawazishwa kwa kisu, na vivuli vyake mara nyingi ni vya bluu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwapo waliodhani anaudhihaki ulaji wa Wamarekani. Mimi sidhani. Mtu hadhihaki kitu anachokitazama kwa miaka sitini.

Karne nne kabla yake, huko Hispania, Juan Sánchez Cotán alichora kabichi inayoning'inia kwa uzi, tikiti lililokatwa, na tango lililotokeza ukingoni mwa dirisha. Nyuma yake giza tupu. Enzi hizo mboga zilining'inizwa hivyo zisiharibike haraka. Picha ni ya mwaka 1602 hivi. Mwaka 1603 aliiacha karakana yake ya Toledo akajiunga na Wakartusi, watawa wasiokula nyama kabisa. Ukiitazama ile kabichi utadhani alishaanza kusali nao.

Kuna atakayeuliza kama huko si kutengeneza sanamu. Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono (Kutoka 31:1–5). Kwangu mjadala umeishia hapo.

Sasa tuje kwetu. Chukua kishada cha zabibu za hapa Dodoma ambacho hakijashikwashikwa. Kila punje ina ukungu mweupe juu ya ngozi, kama imepakwa unga. Wengi tunadhani yote ni dawa ya shambani, kumbe tunda lenyewe hutengeneza nta inayolikinga lisikauke. (Kuosha osheni, dawa nazo zipo.) Ukigusa punje moja, alama ya kidole inabaki na weusi unang'aa pale ulipogusa. Mchoraji akiukosa ule ukungu, amechora gololi. Na Mungu huuweka kwenye kila punje, mavuno ya kwanza na ya pili ya mwaka, nasi tunaufuta kwa pindo la kanga huku tunabishana bei.

Au bakuli la mlenda: ule uzi unaovutika kutoka bakulini hadi kwenye tonge, na tonge lenyewe la uwele, kijivu chenye ukijani kidogo. Mtu wa brashi angeshinda hapo kutwa. Sisi sala ya chakula inakwisha kabla kawa halijafunuliwa. Ndiyo sala fupi kuliko zote tulizo nazo, na nadhani sababu ni kwamba tunaombea kitu ambacho hatujakitazama.

Hata hivyo Zekaria haniruhusu kuishia kutazama. Mstari wa 21 unasema wanaokuja kutoa dhabihu watavitwaa vyombo hivyohivyo na kupikia. Kwa hiyo havikuwekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Vinakaa motoni na masizi yake. Na huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Ikikatika mapema, ghala linakwisha kabla ya mavuno mengine, na kuna nyumba ambamo sufuria imeinamishwa safi kwa sababu hakuna cha kutia ndani. Mwenye nyumba hiyo ukimsifia uzuri wa kabichi ya Cotán, umemkosea.

Wiki hii tusome pia 2 Wafalme 4:1–7, yule mjane na chupa yake ya mafuta, na Yohana 21:9–13, ambapo Bwana aliyefufuka ameshawasha makaa na kuweka samaki. Kabla ya sala ya chakula, kifuniko kiondolewe kwanza, watoto waseme wanachokiona. Na mwenye jirani ambaye sufuria yake imeinama, amwambie mzee wa kanisa kabla ya Jumapili, kwa faragha. Unga upo.