Naishi Kimara, nashinda na barafu ya Aktiki

Saa 10 na dakika 40 alfajiri. Joto limeniamsha kabla ya alamu, usiku ulikua wa mawingu na mnaoishi Dar mnajua, mawingu yakitanda usiku hata feni inapuliza moto.

Saa 12 daladala, nimesimama hadi Simu 2000.

Saa 2 niko Mlimani. Masters yangu inatumia data za ARCSIX, utafiti wa NASA wa 2024 wa mawingu na barafu ya bahari ya Aktiki, ncha ya kaskazini, ndege zilikua zinaruka kutoka Pituffik kule Greenland, P-3 inapita chini karibu na barafu, Gulfstream juu ya mawingu, na data wameziachia bure. Mimi mwenyewe theluji nimeiona kwa mbali tu, ya Kilimanjaro, nikiwa kwenye basi la Moshi.

Saa 3 nikaanza kuchanganyikiwa. Ndege ina vipima mwanga viwili, kimoja mgongoni kimoja tumboni, unagawanya cha chini kwa cha juu unajua barafu imerudisha mwanga kiasi gani. Yenye theluji mpya hua inapita asilimia 80, bahari tupu haifiki hata 10. Mimi napata 112! Yaani barafu inarudisha mwanga kuliko ilioupokea. Afu saa 5 umeme ukakata.

Saa 7 kwa mama ntilie. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, barafu zako hazijaisha tu?" Nikamwambia wingu ni mwavuli, linazuia jua, na ni blanketi, linazuia joto lisitoke, juu ya bahari nyeusi mwavuli unasaidia kweli, ila juu ya barafu nyeupe jua lilikua linarudishwa tu hata bila wingu, kwahiyo mara nyingi blanketi linashinda, isipokua wiki chache za kiangazi barafu ikishalowa madimbwi. "Na moshi wa jiko langu je?" Swali zuri kuliko ya wenzangu kwenye semina! Wake haufiki, ila wa misitu inayoungua Kanada na Siberia unafika, na hewa ya kule kiangazi ni safi mno, chembechembe kidogo tu za moshi zikiongezeka matone ya wingu yanakua mengi na madogo, wingu linazidi kua jeupe.

Saa 9 umeme umerudi, nikafungua faili la mwendo wa ndege. Kumbe dakika zile ilikua inakata kona! Imelala upande, kipima cha juu kimelipa jua kisogo. Nikafuta kila dakika ilipoinama zaidi ya digrii 5, ikaja 83.

Saa 3 usiku, Kimara. Mawingu tena. Nimefungua madirisha yote na chandarua nimekichomekea.