Uzoefu wangu: nilivyokusanya wakufunzi wenzangu wajadili ufundishaji bila posho

Habari zenu wadau. Mimi ni mkufunzi wa uhasibu kwenye chuo cha kati hapa Tanga mjini, chuo chenyewe sikitaji, na miaka miwili iliyopita nilibebeshwa kazi ya kuratibu mafunzo ya wakufunzi kazini. Nasema nilibebeshwa kwa sababu sikuomba, nilitoka nje ya kikao kupokea simu, narudi nakuta watu wananipa hongera.

Ya kwanza nikaifanya kama wanavyofanya wote. Warsha ya siku 2, projekta, bango ukutani, mtoa mada katoka Dar na slaidi themanini na kitu kuhusu mitaala ya umahiri, hii ambayo NACTVET, baraza linalosimamia vyuo kama vyetu, wanaitaka, yani mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya na sio kwa alichokariri. Mada nzuri tu, ila yeye mwenyewe alitusomea slaidi toka saa 3 mpaka saa 7 huku anatuambia tuache kuwasomea watu slaidi. Walikuja 23, na swali la kwanza kabla hata hatujajitambulisha lilikuwa "mratibu, posho vipi?" Siwalaumu bana, tumezoeshwa hivyo, unasaini, unapewa bahasha, unakula wali kuku, unaondoka na begi lenye kalamu. Mwezi mmoja baadae napita koridoni nasikiliza, kila darasa mtu anasoma notisi wanafunzi wanaandika. Na mimi nilikuwa naelekea darasani kwangu kufanya hivohivo.

Jaribio la pili likawa kikundi cha kusoma. Natupia makala kwenye grupu la wasap, Alhamisi saa 10 jioni tunajadili. Hapo nilikosea muda, saa 10 mtu ana tuisheni yake, ana kiduka Ngamiani, ana mtoto wa kumpitia shule, halafu makala zenyewe kurasa 20 za Kiingereza kizito na bando ni la kwake. Wiki ya kwanza tulikuwa 6, ya pili 4, ya tatu mimi na mlinzi aliyekuja kuuliza kama afunge.

Ila katika kusoma peke yangu huko niliokota kitu. Kuna Milton Cox wa Chuo Kikuu cha Miami (hiyo Miami iko Ohio, sio ile ya Florida), wao wana vikundi vya wahadhiri vya kujadili ufundishaji tangu 1979, watu kama 8 mpaka 12, walewale, mwaka mzima. Mwaka mzima! Mimi nlitaka watu wazima wabadilike kwa siku 2 na wali kuku.

Kilichotutoa sikukipanga. Jumanne moja saa 4 tunakunywa chai kantini, Mzee wetu wa takwimu, huyu kabakiza kidogo tu astaafu, kaja na rundo la karatasi za tesiti kalibwaga mezani kwa hasira. Wanafunzi 41, wameanguka 29, swali lilelile. "Hawa watoto hawasomi." Dada mmoja wa utunzaji kumbukumbu akachukua karatasi moja, akaisoma, akachukua ya pili, akasema kwa upole, "Mzee shikamoo yako iko palepale, ila hapa ulitaka wafanye nini hasa?" Tukainama wote kuangalia. Mahesabu ya mtawanyiko yalikuwa sahihi kwa wengi, tatizo ni kipengele cha mwisho, walitakiwa watoe maoni kuhusu jibu lao, wao wakaandika tena namba ileile wakaipigia mistari miwili chini. Mzee akakaa kimya, akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani, akasema "kumbe hata mimi sijawahi kuwaonyesha maoni yanafananaje." Jumanne iliyofuata yeye ndo aliuliza, leo nani analeta lake?

Ndo kikundi kikaanza hivyo, mimi nikawa nalinda tu kisiharibike. Saa 4 ileile ya chai, maana wote tupo na hakuna anayewahi kokote. Slaidi marufuku. Mtu mmoja analeta kitu kimoja kilichomshinda, karatasi, swali, kipindi kilichokufa mikononi mwake. Tunafundisha kwa Kiingereza lakini pale tunaongea Kiswahili, na hili jamani lilifungua watu midomo kuliko warsha yoyote, mtu hawezi kukiri kosa lake kwa lugha anayoitafutia maneno. Na la pale halifiki kwa mkuu wa idara. Kila mtu 1,000, chai na mihogo ya kukaanga ya mama wa getini, tuko 9. Mmoja alikuja mara mbili akaondoka anasema ni kikundi cha wambea, sawa tu.

Baadae tukaanza kuingia madarasa ya wenzetu. Yule dada akakaa nyuma kwangu na simu anahesabu sekunde. Dakika 40, niliuliza maswali 14, 11 nilijijibu mwenyewe, na muda mrefu kabisa niliosubiri ulikuwa sekunde 2. Nilibisha, akanionyesha alivyoandika! Kumbe mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe wa Marekani aliliona hili miaka ya 1970, walimu husubiri kama sekunde 1 tu, wakifikisha 3 majibu yanarefuka na waliokuwa kimya wanaanza kujitokeza. Sekunde 3 zikoje sasa mbele ya darasa lililonyamaza, unasikia feni, unasikia bajaji kule barabarani, unahisi wanakuona hujui. Nikawa nasema subhanallah tatu kimoyomoyo ndo nafungua mdomo. Wiki ya pili tuko kwenye uchakavu wa mali, nimeuliza, nimefika subhanallah ya tatu, binti mmoja wa dirishani ambaye toka muhula uanze sikuwahi kumsikia akasema, "Mwalimu, gari likikaa tu juani bila kutembea, nalo linachakaa?" Kipindi kizima kikaishia kwenye swali lake, kukokotoa kwa miaka au kwa matumizi, watu wakabishana mpaka kengele ikagonga wakagoma kutoka.

Masapu ya takwimu, yani mitihani ya kurudia, yamepungua, ila Mzee nae alibadili namna ya kuuliza kwahiyo sitajisifia hapo.

Juzi mkuu wa chuo kasikia, kaniita, anataka kikundi kiwe rasmi, kiwe na daftari la mahudhurio na fungu la posho. Nikamwambia mkuu, posho ikiingia watakuja 23 tena. Nikaomba chupa 2 za chai, hii tunayoazima kantini haishiki moto. Kasema niandike dokezo. Nimeandika.